Nilijua msiba wa jirani siku ya nne: habari za kijiji hupita wapi huku Ireland?

Swali la msomaji: Shikamoo dada. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nina miezi saba hapa kaunti ya Mayo. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na nimepanga nyumba kijijini. Wiki tatu zilizopita mume wa jirani yangu, nyumba ya pili kutoka kwangu, alifariki. Niliona magari mengi barabarani nikadhani wana sherehe. Nilikuja kujua siku ya nne, ameshazikwa. Hakuna aliyenigongea mlango. Nikanunua gazeti la hapa ili nisipitwe tena, nikakuta bei za ng'ombe, bahati nasibu ya klabu na matokeo ya mchezo nisioujua. Je, wananitenga? Na hizo ndizo habari kweli? Mimi ni Mwislamu, sijui hata kama ningeruhusiwa kwenda huko msibani.

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Nianze na lile linalokuumiza: hapana, hawakukutenga. Nina miaka 19 hapa Mayo, na kwa miaka 8 sasa mimi ndiye ninayeandika safu ya kijiji chetu katika gazeti la wiki, zile aya fupi fupi za nani kashinda nini na mkutano uko lini. Kazi hiyo imenifunza jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema nilipofika kutoka Moshi. Kijiji cha hapa hakimpelekei mtu habari nyumbani. Huiweka mahali panapojulikana, kisha kila mtu hutegemewa aifuate mwenyewe.

Kwetu mtu akifariki hutumwa mtu. Simu zinapigwa, msikitini linatangazwa, na asiyeambiwa ana haki ya kunung'unika. Hapa msiba hauna mjumbe wala mwaliko. Tangazo likishatoka huhesabiwa kwamba limemfikia kila mtu, na kwenda ni moyo wako. Kukugongea mlango kungeonekana kama kukulazimisha uje. Na majirani wengine walidhani umesikia, kwa sababu wao wenyewe hawakumbuki siku ambayo hawakusikia.

Sasa hapo mahali panapojulikana ni wapi? Kwanza redio. Redio za kaunti zilianza kupewa leseni mwaka 1989, na hapa Mayo ni Midwest Radio, yenye studio zake Ballyhaunis. Kila siku husomwa matangazo ya vifo, taratibu, jina kwa jina, kama Radio Tanzania ya utotoni mwangu. Wewe unafanya kazi na wazee, kwa hiyo una darasa tayari. Tazama chumba cha kulia pale matangazo yanapoanza: vijiko vinatua, mtu anaongeza sauti, na mama ambaye hajasema neno tangu alfajiri anasema huyo ni wa kwa fulani, dada yake aliolewa Swinford. Dakika mbili tu umepewa ukoo mzima. Keti karibu naye kesho.

Pili ni tovuti ya RIP.ie. Ilianzishwa 2005, na leo ni watu wachache sana mashambani wasioifungua kila siku, vijana kwa wazee. Mwaka 2024 ilinunuliwa na gazeti la The Irish Times, na tangu mwanzo wa 2025 tangazo moja hulipiwa euro 100, jambo lililowachoma wengi kwa kuwa kwao hii ni huduma ya lazima kama maji. Chagua kaunti yako, isome asubuhi ukiwa na chai. Utaona ni ajabu mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu utajikuta unayajua majina.

Lakini jifunze kuisoma tanzia ya hapa, maana kila neno lina kazi. Huanza na jina la marehemu, na kama ni mwanamke aliyeolewa, jina la ukoo alikozaliwa. Mara nyingi linafuata jina la utani, kwa sababu huenda ndilo pekee ambalo kijiji kinalijua. Halafu kitongoji. Kitongoji hapa ni kitu kizito. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine ni mashamba machache tu na kilima, na mpaka 2015 zilipokuja Eircode, zile namba za posta za herufi na tarakimu 7, nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na anwani ya kuzitofautisha. Tarishi aliwajua watu kwa jina na kitongoji. Ukitaka kusaidika, kariri jina la kitongoji chako na vile vinavyokizunguka. Bila hayo tanzia ya jirani yako itapita mbele ya macho yako nawe usijue ni yeye, na nadhani ndivyo ingekuwa hata kama ungekuwa unasikiliza redio wiki ile.

Baada ya kitongoji huja saa. Wakiandika kwamba mwili utakuwa nyumbani tangu saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku, wanakuambia uje, hata kama hujawahi kuvuka kizingiti hicho. Wakiandika kwamba nyumba ni ya familia pekee, usiende nyumbani; nenda kanisani au makaburini, au andika rambirambi kwenye ukurasa wa tangazo. Wakiandika maua ni ya familia tu, usipeleke maua. Shirika la hisani watakalokuwa wameliandika ndilo la kuchangia, na mara nyingi huwa ni kituo cha kuhudumia wagonjwa wa mwisho wa maisha. Kwa kawaida mazishi hufanyika siku ya pili au ya tatu baada ya kifo, kwa hiyo ukiangalia kila baada ya siku nne utapitwa daima.

Msiba wangu wa kwanza hapa ulikuwa wa mzee aliyekuwa akiniuzia mayai. Ilikuwa Novemba, mvua nyembamba ya kupenya nguo. Vijana wa klabu ya michezo ya kijiji walivaa vizibao vinavyong'aa, tochi mkononi, wakielekeza magari yaegeshwe shambani. Foleni ilianzia getini ikazunguka banda la trekta. Sebuleni jeneza lilikuwa wazi, rozari imezungushwa kwenye vidole vyake, na wafiwa wameketi safu moja kandokando ya ukuta. Unampa mkono wa kwanza, unasema pole kwa msiba wako, unasogea kwa wa pili, unasema vilevile. Nilikuwa nimepanga maneno marefu njiani, nikaona hayahitajiki. Mjane alinishika kwa mikono yote miwili akasema, wewe ndiye wa mayai sita kila Ijumaa. Marehemu alikuwa akinitaja nyumbani kwake miaka miwili nzima, nami sikujua. Jikoni nikatiwa kikombe cha chai mkononi kabla sijatafuta pa kukaa.

Kuhusu dini yako: nenda. Kuingia nyumbani, kutoa mkono na kunywa chai hakukuhusishi na ibada, na hakuna atakayekutaka upige ishara ya msalaba. Kama hupendi kuingia kanisani wakati wa misa, simama nje. Utawakuta wanaume Wakatoliki chungu nzima wamesimama nje vilevile wakiongea bei za ndama, ni desturi yao ya miaka. Sandwichi nyingi zitakuwa za nyama ya nguruwe. Omba za mayai, wala hutahitaji kueleza. Watu wa Mayo si wageni na Waislamu. Ballyhaunis hiyo hiyo ya redio ina msikiti uliojengwa 1987 kwa ajili ya familia zilizokuja na kiwanda cha nyama halali, na watoto wa familia hizo wamecheza katika timu za mji pamoja na wenzao.

Uzito wa jambo hili utauelewa kwa hadithi ambayo kila mtoto wa Mayo anaijua. Timu ya kaunti ya mpira wa Kigaeli, ule mchezo wa asili usioujua, ilichukua ubingwa wa Ireland mwaka 1951. Inasimuliwa kwamba wakirudi nyumbani na kombe, wachezaji walipita Foxford ambako kulikuwa na mazishi, wakapita wakishangilia bila kusimama kutoa heshima, na padri akawalaani: Mayo haitashinda tena mpaka wa mwisho wao afe. Mazishi hayo hayana ushahidi, na wachezaji wenyewe waliikana hadithi. Lakini tangu 1989 hadi 2021 Mayo imefika fainali 11 na kushindwa zote. Mchezaji wa mwisho wa kikosi kile, Paddy Prendergast, alifariki 2021, na kombe bado halijarudi. Angalia ni kosa gani watu waliona linatosha kueleza maumivu ya miaka 70. Si wizi, si usaliti. Ni kupita msiba bila kusimama.

Nije kwenye gazeti lako. Umeuliza kama hizo ni habari. Ni habari kabisa, ila hazikuandikwa kwa mtu anayetaka kujua dunia imefanya nini. Zimeandikwa kwa mtu anayeishi hapo na kesho ana jambo la kuamua. Bei za mnadani ni mshahara wa jirani yako. Ndama aliyenyonya mpaka vuli akiuzwa vizuri, duka la vifaa linalipwa madeni na binti anapelekwa chuo Galway. Akiuzwa vibaya utasikia kimya baa Jumamosi.

Usiruke yale matangazo ya ujenzi yenye maandishi madogo. Anayetaka kujenga hapa hulazimika kubandika tangazo kiwanjani na kulichapisha gazetini ndani ya wiki 2 kabla ya kupeleka maombi kaunti. Ukiona yanayogusa nyumba unayoishi au barabara yako, una wiki 5 za kutoa maoni kwa maandishi, ada yake euro 20. Mpangaji naye ana haki hiyo. Nimeona watu wakigutuka baada ya greda kufika, ilhali tangazo lilikuwa getini mwezi mzima.

Matokeo ya mchezo ni ya GAA, chama cha michezo ya asili kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884. Klabu hufuata mipaka ya parokia, kwa hiyo timu ni kijiji chenyewe kimevaa jezi. Ukisoma 1-14 dhidi ya 2-10, namba ya kwanza ni mabao na ya pili ni pointi. Bao likiingia wavuni ni pointi 3. Mpira ukipita juu ya mwamba ni 1, na tangu 2025 ukipigwa kutoka nje ya tao la mita 40 ni 2. Hivyo wa kwanza wana 17, wa pili 16, na waliofunga mabao mengi ndio walioshindwa. Ukishaelewa hilo, unaweza kumuuliza mtu yeyote dukani Jumatatu kuhusu mechi ya jana, naye atakupa nusu saa yake.

Bahati nasibu ya klabu najua huichezi, na hakuna atakayekusema. Lakini soma ile orodha ya waliopata euro 20. Wengi hawahangaiki na fedha. Wanatazama nani amenunua tiketi, yaani nani amechangia nyasi za uwanja na jezi za watoto. Wewe unaweza kuchangia kwa njia nyingine. Siku ya mauzo ya keki peleka vitumbua. Ninakuhakikishia safu ya wiki ijayo itavitaja, maana mwandishi wake, kama mimi, anatafuta sana kitu kipya cha kuandika.

Na usiyadharau magazeti haya kwa udogo wake. Mwezi Aprili 1879 wakulima wa Mayo walikusanyika Irishtown kupinga kodi walizotozwa na mabwana shamba, na aliyeongoza mkutano ule alikuwa James Daly, mhariri wa The Connaught Telegraph la Castlebar, gazeti lililokuwa likiandika siku zote nani anadaiwa nini na nani anatishiwa kufukuzwa shambani. Kutoka hapo kikatokea Chama cha Ardhi, na ardhi ya Ireland hatimaye ikaondoka mikononi mwa mabwana shamba. Habari za wapangaji wadogo, kitongoji kwa kitongoji, ndizo zilizokuwa zimeujaza uwanja ule.

Nyingine hazichapishwi popote. Dirisha la duka lina karatasi za mbwa aliyepotea, nyasi kavu zinazouzwa, mlezi wa watoto anayetafutwa. Karatasi ya parokia iko kwenye kaunta, chukua hata kama huendi kanisani, kwa sababu ndani yake kuna mikutano ya ukumbi, siku ya kusafisha kijiji na mabadiliko ya basi. Barabarani, dereva anayekuja atainua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani bila kuondoa mkono. Ni salamu. Mrudishie kila mara, hata humjui. Usiporudisha hatakasirika, ila atakuweka kundi la wapita njia, na wapita njia hawasimamishiwi gari kuambiwa jambo.

Leo hii hii mwombe jirani yeyote akuingize kwenye ujumbe wa tahadhari wa kijiji. Mpango wa majirani kulindana ulianza 1985, wakati wazee wa mashambani walipokuwa wakivamiwa majumbani. Uliundwa na Gardaí, ndio polisi wa hapa, pamoja na Muintir na Tíre, chama cha vijiji kilichoasisiwa na padri John Hayes wa Tipperary. Tangu 2013 kuna ujumbe wa simu pia: gari geni linalozungukazunguka, matapeli wanaojidai mafundi wa lami, mzee aliyetoka nyumbani na hajarudi. Kwa mwanamke anayerudi zamu ya usiku peke yake, hilo si jambo la kungoja.

Tarehe 24 Januari 2025 kimbunga Éowyn kilipopiga, upepo ulivuka kilomita 180 kwa saa huko Mace Head, Galway, na nyumba na biashara 768,000 nchini zikakosa umeme. Kwetu tulikaa siku 6 gizani, simu hazishiki. Kilichobaki kilikuwa redio ya betri na karatasi moja kwenye mlango wa ukumbi wa klabu, iliyoandikwa kwa kalamu nene: jenereta ipo, supu saa saba, njoo uchaji simu, nani ana oksijeni nyumbani aandike jina lake hapa. Wanaume walitoka na misumeno kufungua barabara, kila mmoja upande wake, hakuna aliyepangiwa. Kiairishi huita hivyo meitheal. Sisi tungeita msaragambo. Mstari ule wa oksijeni ulikuwa na majina matatu, na kabla ya saa tisa wote watatu walikuwa wametembelewa. Sijaandika habari iliyo bora kuliko karatasi ile. Wewe nunua redio ya betri kabla ya majira ya baridi.

Hili la mwisho ni la kazi yako, nalo nalisema kwa ukali wa dada. Ukianza kujulikana, watu watakuuliza habari za wazee unaowatunza: anakula, anawatambua watoto, ni kweli ameanguka? Wataulizia dukani, kwa upole, wengi kwa mapenzi kabisa. Usijibu. Sheria na mkataba wako vinakufunga, na zaidi ya hapo, mzee yule hana tena mlango wake wa kufunga ila mdomo wako. Mimi nilikosea kwa jambo jepesi zaidi. Mwaka wangu wa kwanza niliandika pongezi kwa binti aliyepata kazi Dublin, kumbe alikuwa hajamwambia mwajiri wake wa hapa. Nilikwenda kwao kuomba radhi na bado naona uso wa mama yake. Ukiulizwa, sema hivi: nenda ukamwone, atafurahi. Watakuheshimu, na habari zao wenyewe watakuletea bila woga kwa sababu wameona haziendi mbali.

Sasa jirani yako. Hujachelewa. Hapa husomwa misa takriban mwezi mmoja baada ya kifo, kama arobaini yetu, na kwa hesabu ya wiki zako itakuwa wiki ijayo. Tazama karatasi ya parokia. Watu wengi humzunguka mjane siku tatu za kwanza, kisha hurudi mashambani, na hizi wiki za katikati ndizo ndefu kwake. Nenda Jumapili alasiri, baada ya chakula chao cha mchana. Gonga mlango wa nyuma, ule wa jikoni, maana wa mbele vijijini hufunguliwa kwa nadra. Chukua mahamri kwenye bakuli lako mwenyewe, ili awe na sababu ya kulirudisha. Sema pole kwa msiba wako, keti, mwambie uliona magari ukadhani ni sherehe. Atakuhesabia mmoja mmoja nani walikuja.